Flashi ya Duara na Hesabu ya Umbali

Flashi ya duara ni mrija wa kioo uliojaa gesi ya zenoni, ukapindwa hadi ncha zake zikakaribiana, kisha ukafungwa kuzunguka mdomo wa lenzi. Inapolipuka, mwanga hautoki juu ya kamera wala ubavuni mwake, bali unatoka pande zote za tundu lilelile ambamo picha inaingia. Tabia zake zote zinatokana na mkao huo: vivuli vinavyojificha, utepe wa giza unaomzunguka mtu aliyesimama karibu na ukuta, pete nyeupe ndani ya mboni, macho mekundu, paji la uso linalong'aa katikati. Lakini tabia hizo hazitokei zote kwa wakati mmoja. Ipi itokee na ipi isitokee huamuliwa na umbali kati ya pete na kinachopigwa picha, na umbali ukibadilika vya kutosha, flashi ileile huwa kama chombo kingine kabisa.

Kilichoizaa ni meno. Lester A. Dine aliibuni mwaka 1952 kwa ajili ya picha za ndani ya kinywa, mahali ambapo flashi ya kawaida haifui dafu. Kamera ikiwa sentimita 15 tu kutoka kwenye meno, flashi iliyokaa juu yake hutupa mwanga kwa mshazari. Sehemu ya mwanga huo inazibwa na lenzi yenyewe, sehemu nyingine inazibwa na mdomo wa juu, na magego ya nyuma yanabaki gizani. Mtu anayetaka kuona kilichomo ndani ya mtungi usiku hashiki tochi mbali na uso. Huiinua hadi shavuni, karibu na jicho, ili mwanga upite njia ileile inayopitwa na macho. Dine aliifanyia lenzi jambo hilohilo, ila tochi yake aliizungusha pande zote.

Picha moja ya magego inatosha kuonyesha kazi ilivyo. Midomo ya mgonjwa huvutwa kando kwa vishikio vya plastiki, na kioo chembamba kirefu huingizwa kinywani baada ya kuchovywa kwenye maji ya uvuguvugu, maana kioo baridi kikikutana na pumzi huingia ukungu papo hapo. Lenzi ni ya makro, milimita 100 hivi. Kamera huwekwa ISO 100 au 200, shata 1/200 ya sekunde, na tundu la lenzi f/22. Tundu hufinywa kiasi hicho kwa sababu katika ukaribu huu eneo linaloonekana kwa ukali, kuanzia mbele hadi nyuma, ni la milimita chache mno. Kwa f/4 jino moja lingekuwa kali na jirani zake wote ukungu mtupu.

Gharama ya ukali huo hulipwa kwa mwanga. Lenzi inapotoa picha ya ukubwa halisi, yaani 1:1, hupoteza mwanga kiasi kwamba f/22 hufanya kazi kama f/44 hivi, na kinachofika kwenye sensa ni robo tu ya kile ambacho namba ya kwanza inaahidi. Kamera za Nikon huonyesha ile namba ya pili na za Canon huonyesha ya kwanza, kwa hiyo anayenakili mipangilio ya mwenzake kutoka aina moja kwenda nyingine bila kulijua hili hupata picha zisizolingana hata kidogo. Hapo ndipo ukaribu wa pete unapookoa kazi. Canon MR-14EX, flashi ya duara iliyotumika sana katika kazi hii, ina nguvu ya namba 14: kwa ISO 100 inatosheleza tundu la f/14 kwa umbali wa mita 1. Gawanya 14 kwa 44, jibu ni sentimita 32. Jino lililo sentimita 15 kutoka kwenye pete linapata mwanga wa kutosha na ziada inabaki.

Mipangilio hiyo ina faida nyingine ambayo daktari huithamini kuliko uzuri wa picha. Kwa 1/200 na f/22 taa za chumbani hazina nafasi ya kuacha alama yoyote. Rangi yote ya ufizi inatoka kwenye flashi, na flashi haibadiliki kwa kuwa dirisha limefunguliwa au jua limezama. Picha ya leo na ya baada ya miezi sita zinaweza kuwekwa bega kwa bega, na tofauti itakayoonekana itakuwa ya ufizi wenyewe. Mwaka 1962 Nikon ililipeleka wazo hili mbali kwa lenzi iitwayo Medical-Nikkor ya milimita 200, ambayo flashi ya duara ilijengwa ndani yake pamoja na vitaa vidogo vya kusaidia kufokasi. Mpigaji hakuchagua tundu. Alizungusha pete moja kuweka ukubwa wa picha anaoutaka na nyingine kuweka wepesi wa filamu, na lenzi ikajipangia tundu yenyewe. Iliwezekana kwa sababu ukubwa ukishajulikana umbali unajulikana, na umbali ukijulikana nguvu ya mwanga inajulikana. Ni usanifu unaostahili heshima: mkunga au daktari asiyejua chochote kuhusu upigaji picha aliweza kupata picha sahihi mara ya kwanza.

Sasa itazamwe pete kwa macho ya jino. Pete yenye kipenyo cha sentimita 8, ikiwa umbali wa sentimita 15, inachukua pembe ya nyuzi 30 hivi. Kwa kitu kidogo kama jino hiyo ni taa kubwa iliyolizunguka. Kivuli kinachotupwa na upande wa kushoto hufutwa na mwanga wa upande wa kulia, na wa juu hufutwa na wa chini. Kwa magego hilo ndilo linalotakiwa. Kwa meno ya mbele ni tatizo, kwa kuwa enameli iliyolowa mate huakisi kama kioo na pete nzima hujichora katikati ya jino, ikifunika rangi ambayo fundi wa meno bandia anahitaji kuilinganisha. Ndiyo maana kwa picha za rangi ya meno ya mbele wengi huiacha pete na kutumia flashi mbili ndogo zilizoshikwa na mikono ya chuma kushoto na kulia. Anayeng'ang'ania pete moja kwa kila pembe ya kinywa anajinyima taarifa muhimu kuliko zote.

Kwa ukaribu huohuo, sarafu mpya iliyosuguliwa hufanya kinyume cha matarajio. Uso wake bapa, ukitazamana sawasawa na lenzi, hauakisi pete, bali unaakisi lenzi yenyewe, ambayo ni shimo jeusi katikati ya mwanga. Uwanja wa sarafu unatoka mweusi, huku kingo za herufi zilizoinama zikiikamata pete na kuwaka.

Kamera ikirudishwa nyuma hadi mita 2, mambo hugeuka. Pete ileile ya sentimita 8 sasa inachukua nyuzi 2 na kidogo tu. Haimzunguki tena anayepigwa picha. Imekuwa nukta ya mwanga iliyokaa kwenye jicho la mtazamaji. Vivuli vipo, vikali kabisa, ila vinaanguka nyuma ya mwili ambako lenzi haioni. Nguvu nayo imepungua: MR-14EX kwa mita 2 na ISO 100 inatosha f/7 tu. Kwa sababu hiyo studio za mitindo hutumia pete kubwa zaidi, zilizounganishwa kwa waya na sanduku la umeme lililokaa sakafuni, huku lenzi ikipenya katikati yake.

Picha za mitindo ndizo zilizoupa umaarufu utepe wa kivuli, ule mstari wa giza unaoufuata mwili wote kama kalamu iliyopitishwa kando ya mabega. Upana wake hautokani na bahati. Zidisha nusu ya kipenyo cha pete kwa umbali kutoka mwanamitindo hadi ukutani, kisha gawanya kwa umbali kutoka kamera hadi kwa mwanamitindo. Pete yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, mwanamitindo akiwa sentimita 150 mbele ya kamera na sentimita 50 kutoka ukutani, inatoa utepe wa sentimita 3 na kidogo. Akisogea hadi sentimita 15 kutoka ukutani, utepe unabaki sentimita 1, mwembamba na wenye mpaka dhahiri. Akienda mita 3 mbele ya ukuta, hesabu inasema sentimita 20, lakini jicho halioni tena utepe. Giza limetawanyika, na ukuta wenyewe unapokea sehemu moja ya tisa tu ya mwanga unaompata yeye.

Utepe huo hauwi mweusi tii, na sababu yake inapendeza. Sehemu ya ukuta iliyo mara tu nje ya bega la kushoto imezibiwa nusu ya pete, ile ya upande wa kulia. Nusu nyingine bado inaiangaza. Kwa hiyo palipo na giza kuliko pote ukuta umepungukiwa nusu ya mwanga, yaani stopu 1, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo pete inavyozidi kuuona ukuta hadi inauona yote. Ukuta mweupe hutoa utepe wa kijivu laini, na ukuta mweusi huumeza. Mpigaji anayetaka mstari mkali asiongeze nguvu ya flashi, kwani utepe na ukuta hupanda pamoja. Amsogeze mtu.

Umbo la uso nalo hubadilika. Sehemu zinazoitazama lenzi moja kwa moja hupata mwanga kamili, na zinazogeuka, kama kando za mashavu na taya, hupata kidogo zaidi kadiri zinavyopinda. Uso unaonekana kama umezungushiwa wanja mwembamba. Mikunjo na makovu madogo hupotea, kwa sababu kinachoyaonyesha ni vivuli vyake, na hapa vivuli havionekani. Kwa tangazo la vipodozi hiyo ni neema. Kwa daktari wa ngozi anayetaka kujua kama uvimbe umeinuka au umelala, ni hasara tupu. Yeye anahitaji mwanga wa kutoka ubavuni.

Ngozi nyeusi inastahili kuangaliwa kwa makini, maana maelekezo mengi ya vitabuni yaliandikwa kwa ngozi nyeupe. Mng'ao wa juu ya ngozi hautegemei rangi yake: uso wa ngozi yoyote, hasa yenye mafuta au jasho, huakisi karibu kiasi kilekile cha mwanga. Kinachotofautiana ni mwanga unaoingia ndani na kurudi. Kwa ngozi nyeusi sehemu kubwa hubaki ndani, kwa hiyo doa la mng'ao kwenye paji, ncha ya pua na mdomo wa chini hujitokeza kwa nguvu zaidi. Njia moja ya kuliondoa ni polaraizi: kipande cha plastiki ya polaraizi hubandikwa juu ya pete, na filta ya polaraizi huwekwa kwenye lenzi ikiwa imezungushwa nyuzi 90. Mng'ao wa juu hubaki na mwelekeo wake na kuzuiwa, ilhali mwanga uliozama ndani ya ngozi umeshavurugika na nusu yake hupita. Gharama ni stopu 2 hadi 3. Kwa picha za kitabibu ni njia bora sana. Kwa picha ya mtu ni kosa kuutoa mng'ao wote, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi ndio unaochora umbo la shavu. Ukiondoka, uso unakuwa kama karatasi. Poda kidogo kwenye paji la uso inatosha.

Macho mekundu nayo ni suala la pembe. Mwanga ukitoka karibu sana na lenzi, chini ya nyuzi 3 hivi kwa macho ya mtu anayetazama, huingia mboni, hugonga sehemu ya nyuma yenye damu nyingi na kurudi moja kwa moja. Pete ndogo kwa mita 2 iko nyuzi 1 na kidogo. Pete ya studio yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kwa mita 1.5 iko karibu nyuzi 4, ndiyo maana huleta macho mekundu kwa nadra zaidi. Kuwasha taa za chumba ili mboni zisinyae husaidia pia.

Mpigapicha Mwingereza Martin Parr alizitumia tabia za ukaribu nje ya kliniki. Kwa picha za kitabu chake cha Common Sense cha mwaka 1999 aliunganisha lenzi ya makro, flashi ya duara na filamu yenye rangi kali, akayasogelea mambo ya kawaida kabisa: keki, kucha zilizopakwa rangi, ngozi iliyoungua kwa jua. Vifaa vya kliniki vilipelekwa mezani na ufukweni, na mwanga ule usioficha chochote ukavitazama vyakula kama daktari anavyotazama ufizi.

Pete za taa za LED, zilizoenea saluni na katika vyumba vya wanaojirekodi kwa simu kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, mara nyingi hudhaniwa kuwa ndugu wa pete ya mitindo. Kwa hesabu ya pembe ni ndugu wa pete ya meno. Pete ya inchi 18, sawa na sentimita 46, iliyowekwa sentimita 60 kutoka usoni inachukua nyuzi 42. Ni taa kubwa iliyo karibu, laini, isiyo na utepe mkali ukutani. Udhaifu wake ni uleule wa enameli, na huonekana zaidi kwa anayevaa miwani: duara zima hukaa juu ya vioo. Kuinua mikono ya miwani juu kidogo ya masikio huinamisha vioo, na kila nyuzi 1 ya kuinama huhamisha akisi kwa nyuzi 2. Kwa sentimita 60 miwani ingepaswa kuinama zaidi ya nyuzi 10, na hilo huonekana wazi kwenye picha. Taa na simu zikirudishwa hadi mita 1.5, nyuzi 5 zinatosha.