KIZUKA NI NANI? Sinema ya Madhumati na Mapenzi Baada ya Kaburi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani kati yetu mwenye vitendo vizuri zaidi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa madrasa akiandika habari za sinema. Lakini sinema imo majumbani mwetu, nasi hatuwezi kujifanya hatuioni. Wala mimi si mgeni nayo. Katika ujana wangu, miaka ya 1970, nilikuwa mmoja wa vijana waliopanga foleni mbele ya Avalon na Empire mjini Dar es Salaam kungoja picha za Kihindi. Majumba yale ya sinema yalipokufa, picha zilituhamia mitaani. Hapa Tandale zilikuja kwanza kwa kanda, kisha kwa santuri, na leo mtoto hubeba picha 20 katika kidude kidogo kuliko kidole chake.

Lililonifanya nishike kalamu ni swali. Jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe waliyeishi naye zaidi ya miaka 30. Nilikwenda na mke wangu kumjulia hali akiwa katika eda. Mke wangu akaingia ndani, nami nikakaa ukumbini, pazia likiwa baina yetu. Tukazungumza ya subira kama ilivyo ada. Mara yule mama akasema, "Sheikh, nina neno linanikera. Juzi usiku binti yangu kaweka ile picha ya Madhumati, niliyoiona na marehemu tulipokuwa wachumba. Yule mwanamke kafa, na bado karudi kwa mpenziwe. Wangu mbona hanijii hata ndotoni? Au hakunipenda?"

Nilimwambia, "Dada yangu, nipe siku mbili." Nikarudi nyumbani, nikamwomba mjukuu wangu aniwekee picha hiyo, nikaitazama tangu mwanzo hata mwisho, kwani si haki kukihukumu kitu usichokijua.

Madhumati ilitolewa mwaka 1958, ikaongozwa na Bimal Roy. Steringi wake ni Dilip Kumar, ambaye jina alilopewa na wazazi wake ni Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar, aliyefariki mwaka 2021. Mwanamke ni Vyjayanthimala, na mwovu wa kisa ni Pran. Inaanza usiku wa mvua. Bwana mmoja yuko njiani kwenda kumpokea mkewe na mtoto wake kwenye stesheni ya treni. Mlima unaporomoka na kuziba njia, naye anajihifadhi katika jumba kuukuu. Mle ndani anaona picha ya kuchorwa, na anakumbuka kuwa aliichora yeye mwenyewe katika maisha mengine kabla ya haya.

Katika maisha hayo alikuwa Anand, msimamizi wa shamba la miti milimani. Akampenda Madhumati, binti wa watu wa milima ile. Tajiri mwenye shamba, mtu jeuri, akampeleka Anand mbali kwa hila, akamrubuni yule binti aje jumbani. Binti akakimbilia darini kuiokoa heshima yake, na huko ndiko alikofia. Baadaye Anand anakutana na msichana mwingine anayefanana naye kama sura na kioo, wakapatana kwamba ajifanye ni yule marehemu, ili tajiri atishike na kukiri mbele ya polisi. Tajiri anakiri kweli, na polisi wanamchukua. Ndipo msichana yule anapoingia akihema, akieleza kuwa amechelewa njiani. Basi aliyesema na tajiri alikuwa nani? Ni kizuka cha Madhumati mwenyewe. Kizuka kinamwita Anand kule darini, naye anakifuata, anaanguka, anakufa. Hadithi inaturudisha kwenye ule usiku wa mvua, na yule mke anayepokewa stesheni ni Madhumati aliyezaliwa upya.

Tuseme haki, maana uadilifu umo katika dini. Picha hii imetengenezwa kwa ustadi. Haina rangi, lakini ukungu wake unaupata moyo. Sauti ya binti inasikika ikiimba milimani kabla yeye hajaonekana, na mtazamaji anaanza kumtafuta pamoja na Anand. Na liko jambo ndani yake ambalo Mwislamu hawezi kulikataa: kwamba binti mnyonge aliyeuawa na mwenye mali hatapotea bure, na kwamba dhalimu atasimamishwa ajibu. Je, Qur'ani katika Suratut Takwir haikutufundisha kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa? Kiu hiyo ya haki ni ya kweli. Tofauti ni kwamba picha imeharakisha hukumu ikaitaka yote hapa duniani, hali sisi tunajua kuwa wengi waliodhulumiwa kesi zao zinangoja Siku ya Malipo.

Ama habari ya kuzaliwa mara ya pili, hiyo ni itikadi ya Wahindu, nasi hatukutumwa kuwatukania watu yao. Tunasema tu kwamba si yetu. Katika Suratul Muuminun, aya ya 99 na ya 100, tumefahamishwa kuwa anayefikiwa na mauti huomba arudishwe, naye hajibiwi, kwani mbele yake iko barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa hiyo marehemu kutomjia mkewe si dalili ya mapenzi haba. Njia hiyo haikuachwa wazi kwa yeyote, si kwa mume wa Tandale wala kwa mfalme. Na lile la Anand kukifuata kizuka mpaka akaanguka, picha inalipamba kama kilele cha mapenzi. Kwetu kujiangamiza ni haramu, hata kukipambwa kwa nyimbo.

Lakini kosa kubwa la picha, kwa maoni yangu, ni jingine. Tazama ni nani anayefanya kazi. Aliyekufa ndiye anayehangaika: arudi, adai haki, amwite mpenziwe, azaliwe tena. Aliye hai kazi yake ni kungoja ajiwe. Uislamu umeigeuza kazi hiyo. Aliyekufa ndiye anayengoja, na aliye hai ndiye mwenye kazi.

Hata lugha yetu yalijua hilo. Sisi watu wa pwani tuna neno kizuka. Kizuka ni kivuli cha mfu, na kizuka vilevile ni mjane aliyekaa eda. Katika picha kizuka ni yule maiti asiyetulia. Katika nyumba zetu kizuka ni mtu hai, anayekula na kulala, aliyewekewa miezi 4 na siku 10 za kuomboleza, kisha akatoka. Huzuni imepewa heshima yake, na imepewa mwisho wake. Mwenye kutaka kufuata kizuka mpaka darini amesahau kuwa eda ina siku ya kutoka.

Na kazi ya aliye hai ni ipi? Mtume (S.A.W.) alimpenda Bibi Khadija (R.A.) baada ya kifo chake mapenzi ambayo hakuna sinema iliyoyafikia. Alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama marafiki wa Khadija. Baada ya vita vya Badr binti yake Zaynab alipoleta mkufu wa mama yake kumkomboa mumewe, Mtume aliuona mkufu ule akashikwa na huzuni kubwa. Hakungoja Khadija arudi. Aliwatendea wema aliowapenda Khadija. Tena tumefundishwa kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea.

Nilirudi kwa yule mama siku ya tatu. Nikamwambia, "Dada yangu, usiulize kwa nini hakujii. Uliza anangoja nini kwako. Je, marehemu hakuacha deni?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Lipo, Sheikh. Deni la mchele wa dukani. Shemeji zangu wanasema tugawe nyumba kwanza, mengine baadaye."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipokuwa na kizuka cha nyumba ile. Suratun Nisaa imetanguliza wasia na deni kabla ya mirathi. Na Mtume alipoletewa jeneza la mwenye deni alijizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Niliwaita mashemeji baada ya sala ya Isha, nikawaeleza haya haya. Mmoja aliondoka kwa hasira, wa pili alilia. Mwezi haukuisha deni likalipwa, na yule mwenye mchele akasamehe sehemu yake.

Mama hakuniambia kuwa amemwota mumewe. Aliniambia kuwa sasa akimwombea, maneno hayamkwami kooni. Nami nikamkumbusha ahadi iliyo katika Suratur Raad, aya ya 23, ya bustani za milele watakazoingia wema pamoja na wazazi wao, wake zao na watoto wao waliotengenea. Huo ndio mkutano wetu, na safari ya kuuendea ni kwa miguu ya walio hai.

Basi wazazi, picha hii ikiwekwa nyumbani, msikimbilie kuizima mkaacha maswali yawabakie watoto vifuani. Kaeni nao, na ikiisha waulizeni: babu yetu, bibi yetu, shangazi yetu aliyetangulia, tumemfanyia nini mwaka huu?

Mola awarehemu waliotutangulia, atuwezeshe kuwalipia madeni yao, na atukutanishe nao katika radhi zake. Amin. Wabillahi tawfiq.