Ufundi wa Kubakiza

Alimwaga beseni zima la maji juu ya kiwanja changu, akakunja mikono, akatazama. Maji yalisita kidogo penye mawe, yakapata njia upande wa choo, yakashuka mbio yakiwa yameshageuka mekundu, kisha yakapenya chini ya ua na kumfikia jirani wa chini.

“Umeona udongo yako inaenda kwa nani?” aliniuliza. “Usikimbilie mbegu, mwanangu. Uliza kwanza maji inapita wapi.”

Ilikuwa mwaka 2020. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na nyanya na vitunguu vilivyozoea kuvuka mto Ruzizi kila alfajiri vichwani mwa akina mama vikawa vitu vya kuulizia katika masoko ya Nyawera na Kadutu. Shule nazo zilifungwa. Mimi mwalimu nilikuwa nyumbani Panzi, hapa Bukavu, na mke wangu na watoto wanne, nina jembe jipya na paketi tatu za mbegu nilizotaka ziingie ardhini siku ileile. Mama huyo mwenye beseni, mzaliwa wa Walungu aliyekimbilia mjini miaka ya vita na ambaye tangu hapo amelima kila kipande cha ardhi alichoazimwa, alikataa. Alizichukua zile paketi akanirudishia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki mbili hatukupanda kitu. Bukavu ni mji ulioning’inia. Rasi zake zimeingia katika Ziwa Kivu kama vidole, na wageni hupenda kuzipiga picha, lakini wengi wetu tunaishi nyuma ya vidole hivyo, kwenye vilima vya udongo ambao Julai ni mgumu kama tofali na Novemba unateleza kama sabuni. Mvua inaanza Septemba na haituachi hadi Mei. Anayelima hapa bila kuukinga mteremko analima kwa niaba ya ziwa.

Tukachimba mitaro mitatu ya kukata mteremko. Nilikuwa nikitupa udongo upande wa chini, kwa kuwa ndiko mkono unakopenda kuutupa, naye akanisimamisha kila mara: juu, utupe juu. Kazi inakuwa ngumu maradufu. Lakini udongo uliotupwa juu unajenga kingo, na kingo inayapunguza maji mwendo, na mvua mbili tatu zikipita unakuta nyuma yake pamejaa rutuba iliyokuwa njiani kuondoka. Baadaye nilisoma kwamba wakulima wa Machakos, Kenya, hufanya hivyohivyo, na kwamba wataalamu wa udongo wa nchi nyingi wanaiita njia hiyo kwa jina lake la Kiswahili, “fanya juu”. Nilimsomea mama. Hakushangaa hata kidogo. Aliendelea kupachika vipande vya matete kwenye kingo, kimoja kila shubiri, mizizi yake ije kuushika ukuta ule.

Mei 2023 nilielewa zaidi. Mvua kubwa iliishukia Kalehe, kwenye ufuko uleule wa ziwa letu kaskazini ya mji, ikasomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mitaro mitatu ya parseli ya mwalimu isingezuia mlima kushuka, sisemi hivyo. Nasema tu kwamba tangu siku hizo siwezi kuona maji mekundu yakipita mlangoni kwangu nikadhani ni uchafu unaojisafisha. Ni ardhi yenyewe inayohama.

Udongo ukishakaa, unataka kula. Hapo mama alinipeleka nyuma ya jiko. Washi wa kale, watu wa vilima hivi, aliniambia, hawakuwa na haja ya mbolea ya gunia, kwa sababu migomba ilizunguka nyumba na kila kilichobaki jikoni, jivu, maganda na samadi ya mifugo, kilitupwa huko. Ndiyo maana hadi leo ukipita Kabare au Walungu unaona ardhi nyeusi na migomba minene palipo na nyumba, na ukisogea mbali kidogo unaona udongo mwekundu na mihogo myembamba. Jiko ndilo linalotengeneza shamba. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Kwangu maganda ya viazi yalikuwa taka, tena ya kutupwa usiku mtaroni pasipoonekana mtu, mvua iyamalize.

Na mvua iliyamaliza kweli, iliyapeleka ziwani pamoja na chupa na mifuko. Maji ya ziwa yanatokea kwa mto Ruzizi, na Ruzizi ndiyo inayozungusha mitambo inayotupa umeme. Mara ngapi tumelaani giza, na kumbe taka zetu wenyewe, plastiki hasa, zilikuwa zimeziba mlango wa mitambo! Sasa nyumbani kwetu kuna ndoo mbili. Ya maganda inakwenda kwanza kwa simbiliki, wanyama wadogo ambao watoto wengi wa Kivu wanafuga jikoni au chini ya kitanda. Wanachokula kinarudi kama samadi laini ambayo haiunguzi miche. Yasiyolika yanaingia shimoni pamoja na yale majani ya maua ya njano, mfano wa alizeti, yanayojaa kando ya barabara za kwetu na ambayo nilikuwa nikiyaona magugu tu. Yanaoza upesi na yana nguvu. Miezi mitatu, na shimo linatoa kitu cheusi kinachonukia msitu.

Wiki mbili zile zilipopita ndipo aliponiruhusu kutoa mbegu mfukoni.

Mbegu ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ni ndogo kuliko kichwa cha sindano, nyeusi, inang’aa. Ukiimwaga kwa kiganja, itaota kwa mafungu: hapa mia, pale hakuna. Mama aliichanganya na mchanga mkavu, kijiko kimoja kwa vikombe kadhaa, akapita akitikisa vidole kama mtu anayetia chumvi mchuzini, na baada ya siku chache tuta lilikuwa na rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Hakuifukia. Aliigonga tu kwa ubapa wa mkono, akatandaza majani makavu ya mgomba juu yake, na asubuhi miche ilipochungulia akayaondoa. Kufika hapo nilidhani nimeona ufundi wote.

Ufundi mkubwa ulikuwa katika kuchuma. Wiki ya nne, mke wangu alitaka mboga ya jioni, nami nikang’oa tuta zima la mbele, mizizi na vyote, kwa fahari. Mama alipoliona lile tuta tupu, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akanishika kidole gumba na cha shahada, akaniongoza kwenye mche ulio hai, akanionyesha pa kukata: juu ya jani la pili au la tatu, mahali ambapo kwenye kwapa la jani kuna kichipukizi kidogo kinachongoja. Ukikata hapo, unachukua kilele na kuacha vichipukizi viwili. Wiki ijayo ni vilele viwili. Vikate hivyo, vinakuwa vinne. Mche mmoja ukitendewa vizuri unalisha nyumba kwa miezi miwili, mitatu, kabla haujachoka na kukimbilia maua.

“Kuchuma ni kubakiza,” alisema, akaenda zake kunawa.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi na nimefundisha maneno mengi, lakini neno hilo ninaendelea kulisoma. Mtu mwenye njaa anaona kinachoondoka. Fundi wa bustani anaona kinachobaki, na jicho lake liko pale hata mkono wake unapochukua. Majani ya maboga anachuma machanga, anaacha kikonyo kinachoelekea jua. Majani ya maharagi anachuma machache tu kila shina, maana akizidisha hakuna punje. Puaro anaikata juu ya ardhi, haing’oi, nayo inarudi. Kila mboga ina mahali pake pa kukatia, na mahali hapo hapajaandikwa popote, pamekaa vidoleni.

Nyanya zilitushinda. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, mvua ikiwa haikatiki, ugonjwa wa majani unazichoma kwa siku tatu. Tulijaribu misimu miwili, sasa tunazipanda chache chini ya bati, kwenye magunia ya makala yaliyojazwa udongo. Shu na karoti zinaupenda ubaridi huu, hatuna shida nazo.

Kabla ya bustani tulikuwa watu wa kula nje. Mchana nilikula mjini, siku 5 kwa wiki, karibu na kazini. Jumapili baada ya misa tuliteremka wote sita kwenye mgahawa wa kando ya ziwa: kuku wa kuchoma, ndizi za kukaanga, soda kwa watoto, na kungoja saa nzima na nusu mezani hadi kuku afike. Ilikuwa furaha, siikani. Lakini mwezi mmoja mke wangu aliandika matumizi yote kwenye daftari la hesabu, akanipa nisome bila neno, na safu ya chakula cha nje ilikuwa ndefu kuliko safu ya karo ya shule.

Sina neno baya kwa akina mama wa malewa, vile vibanda vya chakula vya mjini. Wanaamka saa kumi usiku kuwasha makala, na bila wao nusu ya mji ingefanya kazi na njaa. Hadi leo nikichelewa kikao nakula kwao na ninashukuru. Nilichokiacha ni mazoea, ile hali ya mguu kwenda kabla mtu hajaamua.

Jumapili sasa inaanza mapema. Tuna mashina matatu ya mihogo kwenye kona ya ua. Baridi inaichelewesha mizizi, nasi hatuitaki, tunayataka majani. Binti yetu mkubwa anatwanga sombe kinuni, wadogo wanapokezana kumsaidia, na sauti ya mchi inajulisha mtaa mzima tunakula nini. Sombe haipendi haraka: inachemka muda mrefu, wazi, hadi sumu yake itoke na harufu ya majani mabichi igeuke harufu ya chakula, kisha ndipo mawese, puaro na pilipili ya kwetu. Mke wangu ananunua sambaza walioanikwa. Hata samaki huyo ni mgeni wetu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, akabaki, na leo mtoto wa Bukavu hawezi kuamini kwamba babu yake alikua bila sambaza. Bugali unasongwa mwisho. Saa ile nzima na nusu tuliyokuwa tukiingoja mgahawani bado ipo, ila sasa kila mtu ana kitu mkononi, na mambo ambayo watoto wananisimulia huku wakichambua maharagi sikuwahi kuyasikia kando ya ziwa.

Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango, na mshahara ukawa namba ndani ya simu isiyoweza kununua chumvi. Nataka kuwa mkweli kuhusu miezi hiyo. Bustani ya hatua ishirini kwa sita haiwezi kushibisha watu sita. Unga tulikopa, mafuta tulipima kwa kijiko, na kuna siku tulikula mara moja. Lakini hapakuwa na siku ambayo sahani ilikosa kitu cha kijani, na hapakuwa na asubuhi ambayo niliamka bila kazi ya mikono. Mama alikuwa akifika na kisu chake kidogo, tunachuma pamoja bila kuzungumza, robo tunampa yeye, robo inavuka ua kwenda kwa jirani wa chini, yule aliyekuwa akipokea udongo wetu. Siku moja jirani huyo alitujia na mashina ya matete kutoka kwake, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuchimba. Nikachukua beseni la maji.

Mbegu za paketi ziliisha zamani. Tunazotumia sasa ni za hapa, na kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, ndiye mlinzi wake. Kila msimu anateua lengalenga moja, ile nene isiyoliwa na wadudu, anaifunga kitambaa chekundu shingoni, nayo inaachwa irefuke, itoe kichwa, ikauke. Jioni ya juzi giza lilikuwa limeanza kuingia, umeme hamna, nami ninachuma kwa kupapasa. Mkono wangu ukakuta shina nono.

“Papa, si hiyo,” alisema kutoka mlangoni. “Hiyo iko na kitambaa.”

Nilipapasa tena, nikakiona kitambaa, nikahamia shina la pili.