Nchi Zilizoandikwa na Karani wa Forodha

Ikibali alikwenda Janibu kuchukua kodi. Ndiyo kazi aliyotumwa na Mfalme Rai wa Ughaibu, na laiti usiku ule angelala mapema, angerudi na fedha zake na hadithi ingekwisha hapo. Lakini alimwona mwenyeji wake, Liwali Adili, mtu anayesifiwa kwa upole na haki, akiwacharaza viboko manyani wawili waliofungwa minyororo, kisha akiwalisha na kuwabembeleza. Habari zikamfikia mfalme. Liwali akaitwa, yeye na manyani wake, akatakiwa aeleze.

Katika vitabu vyote vya maajabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili, sijui kilicho na mlango mzuri kuliko huu. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1952. Ina majini, ina mji mzima uliogeuka mawe, ina wanadamu waliogeuzwa wanyama, na hayo yote yanapita kwenye mlango wa mtoza kodi. Mwandishi hatuombi tuamini. Anamsimamisha mtu mbele ya mwenye mamlaka, anamwachia aseme, nasi tunakaa barazani pamoja na wakubwa wa Ughaibu tukiyapima maneno yake. Adili anaeleza kuwa manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Kwamba safarini alimwokoa nyoka aliyekuwa akionewa na nyoka mwingine, kumbe aliyeokolewa ni Huria, binti wa majini. Kwamba katika Mji wa Mawe alimkuta kiumbe mmoja tu aliye hai, binti wa mfalme, Mwelekevu. Kwamba wivu uliwaingia nduguze wakamtupa baharini, na Huria akaja kulipa wema. Adhabu ya ndugu hao ndiyo viboko vya kila usiku, na anayelazimishwa kuvipiga ni yeye aliyedhulumiwa. Mfalme anasikiliza kama hakimu asikilizavyo shauri la shamba.

Wasomi wameonyesha zamani kwamba mfupa wa hadithi hii umetoka katika *Alfu Lela Ulela*, kwenye kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra zama za Harun al-Rashid. Sioni aibu yoyote katika hilo. Pwani hii imekuwa ikipokea hadithi kwa msimu kama ilivyopokea tende na mazulia, ikizigeuza zikae mwilini mwake. Kinachonivutia ni mahali ambapo Shaaban aliamua kutia mkono. Katika kisa cha Kiarabu wanaopigwa ni mbwa wawili. Yeye akaweka manyani. Hebu fikiri tofauti yake. Mbwa akipigwa tunamhurumia, basi. Nyani ana vidole, ana uso unaokunjamana, anaweza kukaa mbele ya sahani akakutazama machoni. Ukimpiga, unampiga mtu ambaye bado anachungulia kutoka ndani. Neno moja lililobadilishwa, na kitabu kizima kikapata mwanga mwingine. Aliyefanya hivyo ni fundi, na alijua anachofanya.

Fundi huyo alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Kwa miaka mingi kati ya 1926 na 1944 alikuwa karani wa forodha, na kituo chake kikubwa kilikuwa Pangani. Anayepanda pwani kutoka Bagamoyo, akavuka Wami, akapita Saadani penye mbuga inayogusa bahari, hufika Bweni, na ng'ambo ya mto ndiyo Pangani yenyewe, na majumba yake ya zamani yameelekea maji. Mji wa katani na mbata. Vyombo vilikuwa vikiingia kwa kusubiri maji yajae, kwa sababu mlango wa mto una fungu la mchanga.

Nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba kazi ile ilimfundisha zaidi ya tunavyomhesabia. Karani wa forodha ni mtu anayelipwa ili asikilize wasafiri. Nahodha anasimama mbele ya meza: ametoka wapi, amepakia nini, mzigo ni wa nani. Karani hakuwapo Lamu wala Maskati wala Unguja. Anachopewa ni maneno, na kazi yake ni kuyalinganisha na shehena iliyo mbele yake na kuamua kama yanakaa sawa. Mtu akifanya hivyo kwa miaka, sikio lake linapata ukali wa pekee. Anajua msafiri mkweli hutaja vitu vidogo. Anajua pia kwamba kweli kubwa huweza kufika bandarini bila hati yoyote, ikafukuzwa.

Ndiyo maana *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, ninakisoma kama kitabu cha mtu wa bandarini. Nchi yake imo angani. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Siku baada ya siku anajitetea kwa kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mmoja aliona taabu, akaona mambo ya kustaajabisha, akarudi na maarifa ambayo yangeiponya nchi, akatupwa gerezani. Sita walirudi na mzigo halali na sita walikamatwa mlangoni.

Mtoto wa shule hufundishwa kwamba Kusadikika ni Tanganyika na Majivuno ni ukoloni. Ni kweli, na walimu wana haki ya kusema hivyo. Huzuni yangu ni kwamba mara nyingi somo linaishia hapo, mwanafunzi anaandika dhamira, wahusika na mandhari kwenye karatasi ya mtihani, na hajawahi kukaa hata dakika moja angani. Angekaa, angegundua jambo la ajabu kuliko yote ndani ya kitabu: mjumbe aliyetumwa ardhini anakuja kwetu. Kwa Wakusadikika, sisi ndio nchi ya mbali. Ardhi hii tunayoilima, penye mikorosho na minazi, ni mahali ambapo mtu anatumwa kwa hatari, asijulikane kama atarudi. Yuri Gagarin alipopaa Aprili 1961 na kuitazama dunia kutoka nje, kitabu hicho kilikuwa kimeshafikisha miaka kumi mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili. Shaaban alifariki mwaka uliofuata.

Mazoea haya ya kumpa maajabu msafiri ayatolee ushahidi hayakuanzia kwake. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na mji wa namna hiyo hula habari kama unavyokula samaki. Wapagazi walipofika na pembe walifika pia na maziwa yasiyo na ng'ambo, milima yenye weupe juu, watu wa desturi zisizosikika. Kizazi hicho kilituachia mwandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande huu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903, ni kazi yake. Aliandika kuzaliwa na kuoa, ngoma na mizimu, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba wasomaji wake hawajawahi kuukanyaga mchanga anaoueleza. Kule Berlin, Bagamoyo ndiyo ilikuwa nchi ya angani.

Miaka miwili kabla, Velten alikuwa ametoa *Safari za Wasuaheli*. Humo yumo Mtoro na safari yake ya Udoe na Uzigua, na yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mmoja mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akaandika safari hiyo kwa Kiswahili. Msomaji anayetaka kujua jinsi Kiswahili kinavyoibeba dunia nyingine aanze na Selim. Tunaye mtu wa bahari ya joto aliyefika Siberia, na lugha anayoitumia ni ileile ya kuelezea safari ya bara: tulilala hapa, tuliondoka, tulikuta. Hapandishi sauti. Waandishi wengi wa leo wakitaka kutushangaza hujaza ukurasa alama za mshangao. Selim aliacha jambo lenyewe lishangaze.

Mtoro yalimpata ya wajumbe wa Kusadikika kabla Kusadikika haijaandikwa. Alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata wakasafiri pamoja kuja nyumbani. Serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke. Aliyeieleza pwani hii kwa ulimwengu alizuiwa kukanyaga pwani hiyo, akarejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Sina ushahidi kwamba Shaaban aliwahi kusikia kisa hicho. Lakini aliishi kwenye pwani ileile, miaka si mingi baadaye, ndani ya utawala mwingine wenye milango ileile.

Kuhusu Mji wa Mawe, nashauri usomwe Kaole. Ni mwendo mfupi kusini ya mji wa Bagamoyo, kando ya mikoko, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya bahari, baadhi yake yenye nguzo ndefu. Makazi ya hapo yanarudi nyuma hadi karne ya 13. Kuta zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukisogeza jicho karibu unaona umbo la viumbe waliokuwa hai baharini, sasa ni ukuta. Shaaban hakuhitaji kwenda Basra kutafuta mji uliogeuka jiwe. Pwani yote, Kunduchi, Kaole, Tongoni karibu na kwao Tanga, ina miji ya aina hiyo. Mtoto wa hapa hukulia pembeni ya mihrabu isiyo na imamu. Ndiyo sababu sura ile ya Adili akitembea kati ya watu waliosimama kimya katika shughuli zao haina hata chembe ya ugeni.

Waandishi waliomfuata Shaaban walikwenda mbali zaidi. Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* na *Mzingile*, aliufuta mji wenyewe, akabaki na njia, na msafiri asiyejua anamtolea nani ushahidi. Ni vitabu vyembamba vinavyotaka kusomwa polepole. Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* alimtoa msafiri kaburini, aje amhoji mjukuu aliyenenepa serikalini. Ninavipenda vyote. Lakini kama ningeulizwa ni kipi bunilizi ya kisayansi hasa, ningetoa *Walenisi* ya Katama Mkangi, kilichotoka Kenya mwaka 1995.

Mkangi alikuwa mtu wa pwani ya Kenya na msomi wa sosholojia, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa njia mpya: anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani apotee. Dzombo anajifunza kukiendesha. Namwona Mkangi hapo akishika uzi uleule wa Shaaban na kuupindua. Karama alisimama mbele ya hakimu akiwa na maneno tu. Dzombo hana hata mtu wa kumsikiliza; ana vifaa vya mauti vilivyowekwa mbele yake, na anavisoma kama hati ya kigeni hadi vinamtii. Anatua kwenye sayari ya Walenisi, penye jamii ya watu walio sawa. Kurasa zinazoeleza usawa wa Walenisi wakati mwingine zinahubiri kupita kiasi, nasema hivyo kwa heshima. Kurasa za ndani ya chombo hazina mfano katika lugha yetu: mashine ya kunyonga imekuwa jahazi.

Sasa natamani mtu wa hapa aandike kinachofuata, na najua mahali pa kuanzia. Machi 2013 ulitiwa saini mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo ya Bagamoyo. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti ya wawekezaji. Mwaka 2021 mazungumzo yakatajwa upya. Kijana wa Mlingotini amekua akiisikia bandari hiyo ikiwepo na isiwepo. Anajua watu wanaoutafakari ukubwa wa meli ambazo hazijaja, na bei ya viwanja inayopanda na kushuka kwa habari. Anajua maji yanavyojaa na kutoka kwenye mikoko ile. Amweke karani hapo, mwaka 2090, na chombo kinachoingia bila baharia hata mmoja, kisichosema kimetoka wapi. Atamhoji nani? Ataandika nini kwenye safu ya mwenye mzigo? Na mji wa Bagamoyo ukipata habari jioni ile, pale sokoni samaki wakinadiwa, utasema ni uongo au utakwenda kutazama? Kitabu hicho nitakinunua siku ya kwanza, na nakala ya pili nitaipeleka Pangani.