Jina la Kuchora kwa Kutazama: Maoni kwa Wachoraji wa Ngara na Biharamulo

Kikundi cha wachoraji wa Ngara au Biharamulo kitakacho kuchora kwa kutazama hukutana kwanza na kikwazo cha jina. Picha ya matunda na vyombo Wafaransa huiita “maumbile mafu”. Waingereza, “uhai uliotulia”. Asemaye “vitu visivyo na uhai” amewafuata Wafaransa, na mkungu wa ndizi utamsuta: leo ni wa kijani, baada ya siku chache umeiva, na rangi aliyoichanganya haufai tena. Napendelea “vitu vilivyotulia”.

Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi wake habari, nao wakachora walivyoviona moyoni. Ndivyo Sam Ntiro alivyochora vijiji vya Uchagga. Picha ni njema. Lakini njia hiyo haimwonyeshi mtu jinsi bega libebavyo uzito wa mkono. Mafundi wa imigongo wa Nyakarambi, ng’ambo ya Rusumo, nao hufinyanga samadi na majivu kuwa mistari ya pembe, si miili.

Basi kapu na mkungu vitangulie, kisha mtu aliyeketi. Wala si lazima avue nguo: kitambaa kilichokunjamana gotini hulieleza goti.