Lionheart: Ushindi wa Adaeze Kapewa Ami

Kikao na Alhaji Maikano ndicho kilichoiangusha filamu ya Lionheart. Kampuni ya mabasi ya akina Obiagu wa Enugu, Nigeria, imezama kwenye deni la benki, mpinzani wao Igwe Pascal anainyemelea, Adaeze, binti wa mwenye kampuni, amehangaika filamu nzima. Tumaini lililobaki ni kuungana na Maikano na watu wake wa Kaskazini. Mara Godswill, ami yake Adaeze, anafungua kinywa, Kihausa kinamtiririka, mzee analainika, biashara imekwisha.

Na Adaeze? Mtazamaji mwenzetu.

Simlaumu Nkem Owoh, aliyemwigiza Godswill. Tangu Osuofia in London ya 2003, huyu akiingia kwenye fremu wengine hupisha. Kosa ni la mswada. Chifu Ernest, baba yake Adaeze, alipougua alimruka binti aliyeijua kazi, kiti akampa ndugu yake Godswill. Dharau ile ndiyo inayoisukuma hadithi. Sasa kilele kinapompa ushindi yuleyule aliyepewa kiti, si ndiyo kusema Chifu hakukosea? Halafu binti anakabidhiwa kampuni, nasi tupige makofi! Ami angevunja ukimya kwa lugha, sawa, kisha Adaeze ashike hesabu za njia na mabasi, abishanie masharti mbele yetu, akataliwe mara moja, arudi tena. Dakika 3 zingetosha. Genevieve Nnaji ameongoza na kumwigiza Adaeze mwenyewe, ila hakumwamini mhusika wake.

Pete Edochie, kama Chifu Ernest, katulia vizuri. Picha za Enugu safi.

Nimeshaitwa mzee kwa kusema hili, na nalirudia: Nollywood ya kanda za VHS haikuogopa kumtoza mhusika bei. Katika Living in Bondage ya Kenneth Nnebue, 1992, Andy alimtoa mkewe kafara apate utajiri, na mzimu wa marehemu ukamwandama. Hakutokea ami wa kumnasua. Tena ilikuwa ya Kiigbo. Lionheart ilikuwa na Kiigbo cha dakika 11 hivi, na mwaka 2019 Oscar wakaiengua kwenye filamu za kimataifa kwa kuzidi Kiingereza. Watu wakalia na kanuni. Kilio changu ni kwamba filamu inayookolewa na lugha ya nyumbani kwa mtu ilisahau ya kwao yenyewe.

Na Kanayo O. Kanayo, Chief Omego wa Living in Bondage, kuachiwa vitisho vya mezani tu kama Igwe Pascal? Hilo nitalitengea safu yake.