Vazi la Kubana na Mtu Aliye Ndani Yake

Katika sinema na magazeti ya picha tunawaona watu waliovaa vazi moja toka shingoni hata miguuni, lenye kushika mwili kama ngozi ya pili. Wazee wengine hugeuza uso, vijana hupendezwa. Mimi nataka kuuliza neno jingine: vazi hilo latuambia nini juu ya mtu aliyelivaa?

Asili yake ni kazi. Mwaka 1859 Jules Léotard, Mfaransa wa mji wa Toulouse, aliruka katika sarakasi ya Paris toka bembea moja hata nyingine. Nguo pana ingenaswa na kamba na kumwangusha. Basi alivaa nguo ya kufumwa yenye kubana, akaiita maillot, neno ambalo wachezaji wetu wa mpira wanalijua. Watazamaji waliona misuli yake ikifanya kazi, wakaona na hatari yake. Hapakuwa na hila.

Baadaye wachoraji wa Marekani walilitwaa vazi la sarakasi wakawavika mashujaa wao. Superman alitokea mwaka 1938. Lakini miaka miwili kabla yake mwandishi Lee Falk alikwisha kumtoa The Phantom, mtu wa kinyago, aliyebanwa na nguo hata kichwani. Makao yake ni Bangalla, nchi ya kubuniwa yenye msitu, ambayo mwanzoni ilifanana na Asia, halafu ikahesabiwa kuwa ya Afrika. (Mwenye kulijua joto la msitu atacheka.)

Mzungu mmoja alivunjikiwa chombo, baba yake ameuawa na maharamia, naye akaapa kupigana na waovu. Alipokufa, mwanawe alivaa vazi lilelile, kisha mjukuu, hata kizazi cha 21. Watu wa msitu wanaona vazi ni lile, kinyago ni kile, wala mboni za macho hazionekani. Basi wanasadiki kwamba ni mtu mmoja asiyekufa. Siri hiyo wanaijua Wabandar, watu wafupi wanaomlinda.

Falk alikuwa msimulizi hodari, na wazo hili ni la akili. Lakini ulipime, ndugu msomaji. Vazi lililomwonyesha Léotard, hapa linamficha mtu. Amani ya msitu imejengwa juu ya uwongo, na wanaodanganywa ni watu weusi, miaka mia nne, kana kwamba hakuna hata mmoja awezaye kuuliza mbona bwana huyu mwaka huu amekuwa mwembamba. Ubaya wa hadithi ni huo. Kubana kwa nguo si neno.

Mwaka 1966 Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Black Panther, mfalme wa Wakanda, mwenye vazi jeusi toka utosini hata nyayoni. Yeye pia amelirithi. Ila katika filamu ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler, watu wake wanajua vema ni nani aliye ndani. Baba yake amekufa, nao wanajua amekufa. Na kabla ya kutawala, kijana anasimama majini penye maporomoko, anakunywa dawa ya kumwondolea nguvu, anapigana kifua wazi mbele ya makabila. Ufalme anaushindania bila vazi. Mara ya pili anashindwa, mama yake akitazama, naye anatupwa mtoni.

Mavazi ya filamu hiyo yalibuniwa na Ruth E. Carter, aliyepewa tuzo ya Oscar mwaka 2019. Vazi la mfalme alilijaza pembetatu ndogondogo, ili lifanane na kazi za mikono za Afrika. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, mapigano ya mwisho yananichosha: mavazi mawili meusi yanagongana gizani chini ya ardhi, hujui nani ni nani, wala humwogopei mtu yeyote. Nilipumua vinyago vilipoondoka, tukawaona tena Chadwick Boseman na Michael B. Jordan, binamu wawili wakitazama jua likichwa, mmoja wao anakufa.