Daraja Lisilo na Mwanya

Dereva anayepita chini ya daraja la juu kwenye barabara ya mwendokasi ya Uingereza huliona kwa sekunde chache tu, na jicho lake huvutwa katikati, kwenye nguzo. Mimi huanza kulisoma nchani, pale sakafu ya zege inapokutana na tuta. Ubora wa umbo lake hujulikana hapo.

Madaraja mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yaliachiwa mwanya nchani. Zege hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi: sakafu ya meta 60, halijoto ikibadilika kwa nyuzi 40, urefu wake hubadilika kwa karibu milimita 29. Basi sakafu ililazwa juu ya beringi ili iteleze, na mwanya ukazibwa kwa mpira na chuma. Kihesabu, hilo ni sahihi. Lakini kila majira ya baridi barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na kizibo kikichoka maji ya chumvi hupenya hadi kwenye beringi na vichwa vya nguzo. Nondo huliwa na kutu, zege hubanduka. Barabara za juu za M5 na M6 pembeni mwa Birmingham ziliumia hivyo, na mwaka 1989 kampuni ya Maunsell, baada ya kukagua madaraja 200, ilivitaja viungo vya mianya hiyo vinavyovuja kuwa chanzo kikubwa cha uharibifu. Na ukarabati wake ni mateso: sakafu inyanyuliwe kwa jeki, magari ya chini yasimamishwe.

Katikati ya miaka ya 1990 mwongozo wa Uingereza ukataka madaraja yasiyozidi meta 60, yenye mshazari usiozidi nyuzi 30, yajengwe bila mwanya. Ohio, Marekani, walikwisha kujenga la namna hiyo mwaka 1938.

Itazame kona ya daraja lisilo na mwanya. Sakafu na ukuta wa mwisho ni zege moja, nondo zimepinda zikapita bila kukatika. Mwendo haukuondolewa, umekabidhiwa udongo: ukuta husukuma tuta wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi. Ili usukume bila kupasuka, ni heri uwe mfupi na mwepesi, hivyo hupandishwa juu ya mteremko, na chini yake pande zote mbili hubaki wazi. Dereva anaona mbali. Uzuri huo umezaliwa na hitaji, ndiyo maana nachukia mawe ya urembo yanayobandikwa kuificha kona: yanaficha kazi, na vishikizo vyake navyo vitashika kutu.

Kasoro ipo. Udongo wa nyuma hukazwa mwaka hadi mwaka, shinikizo hupanda, lami hupasuka. Ila lami hutengenezwa kutoka juu, na barabara ya chini haiguswi.

Mhandisi mwenye daraja fupi la kuchora juu ya magari mengi, aufute mwanya kwanza, kisha ndipo achague nguzo.